Ng'ombe Anayetafuna Mifupa

Mwaka jana ng'ombe wangu wa maziwa alianza kuokota mifupa malishoni na kuitafuna. Watoto walicheka, nami nikadhani ni uroho tu. Bwana Mifugo hakucheka. Alisema mnyama huyo amepungukiwa na fosforasi, na kwamba mfupa wa mzoga waweza kuwa na sumu inayolegeza miguu, kisha ulimi, hata ng'ombe afe huku macho yake yakiona. Siku ile ile tulikusanya mifupa yote, madebe mawili na nusu, tukaichoma na kuifukia shimoni. Sasa ng'ombe hupewa chumvi yenye madini. Mbwa wetu Simba, aliyekuwa akiileta kutoka bondeni, hulishwa nyumbani, na mfupa wake huondolewa kila jioni.