Gurudumu la Mbele Linaposaga

Familia nyingi za Pwani zina mabinti walioolewa bara na vijana waliokwenda huko kutafuta riziki. Kitale na Bungoma si miji migeni kwetu; Mumias, ambako misafara ya Waswahili ilikuwa ikituama katika karne ya 19, hapako mbali na Bungoma. Siku hizi safari ya kuunga udugu hufanywa kwa gari la nyumbani, na mara nyingi gari lenyewe ni la umri: lilishuka bandarini Mombasa likiwa limekwisha tumika Japani, kisha likaishi miaka mingi katika upepo wa chumvi. Gari la namna hiyo likianza kusaga kwenye gurudumu la mbele, swali la kwanza nyumbani huwa ni pesa ngapi. Kwa maoni yetu, swali la kwanza lingekuwa mlio huo unatoka wapi.

Mwezi uliopita tulikuwa Kitale pamoja na familia moja ya Mombasa iliyokuwa ikielekea Bungoma. Mama ndiye aliyeshika usukani, na nyuma walikaa watoto watatu pamoja na nyanya yao. Mkwaruzo wa chuma ulikuwa umewafuata njia nzima. Fundi mmoja alizunguka na gari mara moja, akasema beringi zote mbili za mbele zibadilishwe, na akataja bei iliyozidi yote yaliyokuwamo mkobani.

“Fundi, umeziona hizo beringi?” mama akauliza.

“Mama, mlio huu naujua.”

Hatusemi kwamba alikusudia kudanganya. Lakini wanazuoni wa fikihi wana neno gharar kwa mauzo ya kitu kisichojulikana, nasi hatuoni jina jingine linaloifaa bei iliyotajwa kabla gurudumu halijafunguliwa.

Njia iliyokuwa mbele yao haikuruhusu kubahatisha. Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takriban mita 1,400. Atokaye Kitale kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye hupoteza kiasi cha mita 500 za kimo, na njiani humo yamo matuta, bodaboda na, upande wa Nzoia, matrekta yaliyosheheni miwa. Mguu hauachi kuikanyaga breki.

Yule mama hakubishana. Alilipeleka gari kwenye uwanja mtupu, akayafungua madirisha, akaanza kuuhoji mlio. Kazi hiyo haihitaji spana hata moja. Je, mlio hubadilika breki zinapokanyagwa? Ukizidi hapo, breki ndizo za kutazamwa kwanza. Je, ni mvumo mzito unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, bila kujali breki? Huo ni mwenendo wa beringi, na usukani husaidia kujua ni ya upande upi: gari likikata kulia, uzito huelemea magurudumu ya kushoto, basi mvumo ukiongezeka hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kushukiwa. Mlio wa kugonga-gonga wakati wa kukata kona huku gari likivuta mara nyingi hutoka kwenye kiungo cha ekseli karibu na gurudumu. Na mkwaruzo mkali uliozuka ghafla baada ya barabara ya changarawe huenda ukawa ni kijiwe tu, kimenasa kati ya diski ya breki na lile bati jembamba lililo nyuma yake. Wakati mwingine kurudi kinyumenyume hatua chache hukitoa. Kutu ya usiku mmoja wa mvua nayo hukwaruza asubuhi, kisha hukoma baada ya kushika breki mara mbili tatu. Hiyo isimtie mtu hofu.

Gari lao lilikwaruza kidogo wakati wote, likazidi sana breki zilipokanyagwa, na kona hazikubadilisha kitu. Baada ya mwendo mfupi mama alikaribisha kiganja kwenye kila gurudumu la mbele, pasipo kuligusa. La kulia lilikuwa vuguvugu, la kushoto likatoa joto kama la jiko. Gurudumu linalochemka peke yake kwa kawaida ni gurudumu ambalo breki yake haiachii.

Fundi wa pili alikubali kufungua kwanza na kusema baadaye. Aliyaziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, akainua kwa jeki, akaweka stendi chini ya gari, maana jeki pekee si ya kuaminiwa. Alilishika gurudumu juu na chini akalitikisa. Halikucheza, nayo beringi ikasalimika. Ukichungulia kupitia matundu ya rimu, pedi ya breki ilionekana nene. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu pedi inayoonekana kutoka nje ni moja, na mwenzake amejificha upande wa ndani.

Ile ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa. Bamba lake la chuma lilikuwa likiila diski, na ukipitisha ukucha juu ya diski, ulinasa katika mifereji. Katika magari mengi ya kawaida kibanio cha breki huisukuma pedi ya ndani kwanza, kisha chenyewe huteleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje. Pini zikishikwa na kutu na grisi ikikauka, kibanio hakitelezi. Pedi ya ndani hufanya kazi ya wawili na haipati nafasi ya kurudi. Hewa yetu ya Pwani huzidhuru pini hizo taratibu.

Dalili nyingine ilikuwa imefutwa. Kadiri pedi zinavyolika, mafuta ya breki hushuka kwenye chombo chake. Mama akakumbuka kwamba yaliongezwa kabla ya safari, na hakuna aliyeuliza kwa nini yamepungua.

Zilibadilishwa pedi za magurudumu yote mawili ya mbele, pamoja na diski zote mbili, kwa kuwa breki za upande mmoja zikiwa mpya na za upande wa pili kuukuu, gari huweza kuvutwa kando. Pini zilisafishwa zikapakwa grisi ya breki, si grisi yoyote iliyo karibu. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi. Zikibaki 3 ni za kutupa. Mama aliomba aoneshwe vipuri vya zamani, akaoneshwa. Watoto waliondolewa wakati vumbi la breki lilipofutwa kwa kitambaa kibichi; halifai kupulizwa, wala kuvutwa puani.

Kabla ya kuondoka, fundi alimwambia aikanyage pedali ya breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, hadi iwe ngumu. Kibanio kikisharudishwa nyuma kupisha pedi mpya, mkanyago wa kwanza huzama hadi chini bila kushika kitu, na asiyejua hilo hulijua akiwa tayari langoni.