Hadithi Inapofungua Mkono
Kutoka Mabira, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, hadi Rwanda si mbali. Ni kuvuka Mto Kagera. Huko ng'ambo ndiko ulikopatikana ushahidi mzito kuhusu hadithi na moyo wa kushirikiana. Mwaka 2004 ulianza kurushwa mchezo wa redio uitwao Musekeweya, kisa cha vijiji viwili vinavyogombana. Mtafiti Mmarekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwapa baadhi ya wanavijiji mchezo huo wausikilize pamoja mwaka mzima. Wengine wakasikiliza mchezo wa afya. Mwishoni kila kundi lilipewa redio na betri, liamue lenyewe zitunzweje. Makundi ya afya kwa kawaida yalizikabidhi kwa kiongozi wa eneo, mambo yakaisha. Waliosikia Musekeweya walibishana kwanza, kisha wakakubaliana kuzitumia na kuzitunza kwa ushirika.

Atakayesema kwamba redio pia ilichochea mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 atakuwa amesema kweli, na watu wa Kagera, waliopokea wakimbizi kwa maelfu, wanalijua hilo. RTLM, redio iliyoeneza chuki hiyo, nayo ilisimulia visa, ila vya kumgeuza jirani adui. Basi hadithi haina wema wa kuzaliwa nao. Matokeo ya Paluck, yaliyochapishwa 2009, yanaonyesha nguvu yake iliko: imani za moyoni za wasikilizaji hazikubadilika sana, kilichobadilika ni picha yao ya kile ambacho wenzao hukiona cha kawaida. Ndivyo ilivyo hata kwa ukarimu: mtu hutoa akiamini wenzake nao hutoa, hubana akidhani yuko peke yake. Ndiyo maana naona kusikiliza pamoja kibarazani kuna uzito kuliko kila mmoja na simu yake sikioni: pale guno na kicheko cha jirani husikika.