Bamia Haishoni Gegedu la Nyonga

Swali ni lile lile: "Daktari, ninywe nini ili ute wa nyonga urudi?" Anayeuliza ana miaka thelathini na kitu. Kinena kinamchoma kila akichuchumaa au akiingia kwenye bajaji, nyonga inalia "ko" akigeuka kitandani, na picha ya MRI imeonyesha kwamba ukingo wa gegedu umechanika. Ameshakunywa maji ya bamia kwa wiki kadhaa, asubuhi kabla ya kula. Aliyemtangulia alikunywa supu ya kongoro. Wote wawili wanatibu tatizo wasilo nalo.

Ute haujakauka. Ukingo huo ni pete inayozunguka mdomo wa kikombe cha nyonga, nayo ndiyo inayoubana ute usikimbie pale kichwa cha mfupa wa paja kinapobeba uzito. Koki inayovuja kwa sababu mpira wake umechanika haiponi kwa kujaza tangi.

Na hata kama ute ungekuwa umepungua, bamia isingeurudisha. Utelezi wa bamia ni sukari za mmea zilizoungana kwa minyororo mirefu. Utumbo wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuivunja, hivyo huishia kwenye utumbo mpana, ambako sehemu huliwa na bakteria na iliyobaki hutoka chooni. Ute wa kiungo hupata mnato wake kutokana na asidi ya hayaluroni, inayotengenezwa na seli za utando wa kiungo chenyewe. Vitu viwili kuteleza mkononi si ushahidi kwamba kimoja huzaa kingine! Kongoro nalo ni protini. Tumbo hulivunjavunja kama linavyovunja maharage, na hakuna anayeviamuru vipande hivyo viende kushona nyonga. Isitoshe, sehemu ya ndani ya ukingo huo hupata damu kidogo mno, ndiyo maana mchaniko haujiungi wenyewe kwa urahisi.

Hata vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kama virutubisho vya viungo, vimepimwa kwenye nyonga hasa. Huko Uholanzi, wagonjwa 222 wenye nyonga zilizosagika walifuatiliwa kwa miaka 2, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: waliomeza glukosamini hawakupata nafuu kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Bamia ni mboga nzuri, na aipendaye aendelee kuila. Hatari iko kwenye hatua inayofuata, bamia inaposhindwa na mgonjwa akanunua "dawa ya viungo" asiyoijua. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu juu ya Artri King, vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo huku vikiwa na diklofenaki na deksamethazoni ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko. Deksamethazoni hutuliza maumivu kweli, na ndiyo maana watu huziamini dawa za namna hiyo. Lakini steroidi kama hiyo zikitumiwa kiholela zinaweza kukikosesha damu kichwa cha mfupa wa paja, kikafa na kubonyea. Mtu aliyeanza na mchaniko anaishia kuhitaji nyonga ya bandia.

Swali linalofaa ni hili: kwa nini pete imechanika? Mara nyingi jibu ni umbo la mfupa. Mwaka 2003 Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza jinsi kichwa cha paja kisicho duara kamili, au kikombe kilichozidi kina, kinavyougonga ukingo kila nyonga inapokunjwa sana. Ndiyo maana eksirei ya kawaida hutangulia MRI. Na MRI nayo isiabudiwe: katika uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2012, watu 45 wasio na maumivu yoyote walipigwa picha, na asilimia 69 walikutwa na mchaniko.

Matibabu, basi. Mazoezi ya fiziotherapia ya kuimarisha makalio na tumbo, wiki 12 angalau, kwa bidii. Kuchuchumaa na kukunja nne kupunguzwe. Anayeumia kwenye sijda aswali kitini. Dawa za maumivu ziwe za muda mfupi. Sindano ya kiungo ichomwe kwa kuongozwa na picha. Yote yakishindwa, upasuaji wa kamera: ukingo hushonwa kwenye mfupa na kinundu cha mfupa kinachougonga huchongwa. Utafiti wa hospitali 23 za Uingereza kwa wagonjwa 348, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba makundi yote mawili, la upasuaji na la mazoezi, yalipata nafuu. Upasuaji ulizidi kwa alama 6.8 kati ya 100. Gegedu likiwa limeshasagika, kushona hakusaidii sana, na mjadala unahamia kwenye kubadilisha nyonga, upasuaji unaofanyika katika Taasisi ya Mifupa (MOI), Muhimbili.

Mwenye selimundu anayeumwa kinena asisubiri hata hizo wiki 12, kwani kichwa cha paja lake kinaweza kuwa kinakufa: eksirei wiki hiyo hiyo, na ikiwa safi huku maumivu yanaendelea, MRI. Mwenye homa ambaye hawezi kukanyagia mguu aende hospitali leo.