Namna Marubani Wanavyoepuka Kugongana Angani Karibu na Viwanja Vidogo vya Ndege

Na Mwandishi Wetu

ABIRIA anayesafiri kwa ndege ndogo kwenda kwenye kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege huweza kushangazwa na jambo moja. Barabara ya kutua ipo mbele yake, hali ya hewa ni shwari, lakini rubani haendi moja kwa moja kutua. Hupita pembeni mwa kiwanja, hugeuka mara mbili, ndipo hushuka. Rubani huyo hapotezi muda wala mafuta. Anafuata mzunguko wa kutua, utaratibu ambao kwa kiasi kikubwa hushika nafasi ya mwongoza ndege asiyekuwepo.

Mzunguko huo una umbo la mstatili, na upande mmoja wake ni barabara ya kutua yenyewe. Ndege hupaa na kutua ikielekea upepo unakotoka. Inayowasili hujiunga na upande ulio sambamba na barabara, ikiwa na upepo mgongoni, kwa kawaida katika kimo cha futi 1,000 kutoka ardhini kwa ndege nyepesi. Ikishapita mwanzo wa barabara hugeuka, hugeuka tena, na kuingia katika mstari wa mwisho wa kutua. Kona zote hukatwa kushoto, isipokuwa pale kiwanja kilipoelekeza vinginevyo kwa sababu ya mlima, makazi ya watu au jambo jingine. Rubani mkuu huketi kushoto, hivyo kiwanja hubaki upande wa dirisha lake.

Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba kila rubani anajua mahali pa kumtafuta mwenzake.

Wananchi wengi hudhani kuwa ndege hugongana mawinguni au gizani. Uchunguzi wa ajali uliofanyika kwa miaka mingi unaonesha vingine: migongano mingi ya ndege ndogo hutokea mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, maili chache kutoka kiwanjani, na mara nyingi katika mstari wa mwisho wa kutua, pale ndege yenye kasi inapoipata kwa nyuma ile iendayo polepole. Hapo ndipo ndege zote hulazimika kupita, tena wakati ambao rubani ana shughuli nyingi: anapunguza kasi, anaandaa magurudumu, anapima upepo na kutazama barabara.

Mfano wa karibu ni ajali iliyotokea tarehe 18 Agosti, 2022 katika kiwanja cha Watsonville, jimbo la California nchini Marekani, ambacho hakina mnara. Ndege aina ya Cessna 152, yenye injini moja na rubani peke yake ndani, ilikuwa katika mzunguko wa kutua. Wakati huohuo Cessna 340 ya injini mbili, iliyobeba watu wawili, ilikuwa inakuja moja kwa moja kutoka mbali bila kupitia mzunguko. Rubani wake alitangaza kwa redio akiwa umbali wa maili 10, kisha tena akiwa maili tatu. Rubani wa ndege ndogo naye alitangaza mahali alipo, na alipobaini kuwa mwenzake anamjia kwa kasi, akasema anaahirisha kutua. Muda mfupi baadaye ndege hizo ziligongana na watu wote watatu walifariki dunia. Wachunguzi walibaini kuwa ile kubwa ilikuwa inakwenda kwa takriban kilomita 330 kwa saa, kasi ambayo ni kubwa mno kwa ndege ya aina hiyo inayokaribia kutua.

Marubani hao walikuwa katika masafa yaleyale ya redio na kila mmoja alitoa taarifa. Redio humweleza rubani kwamba kuna mtu mahali fulani, haimwoneshi. Aidha, kuja moja kwa moja kutua si kosa lenyewe, lakini anayefanya hivyo anaingia kwenye foleni ambayo wengine tayari wamo, na mzigo wa kuwapisha ni wake. Kanuni za kimataifa zinasema ndege inayopitwa ndiyo yenye haki ya njia, na iliyo chini zaidi katika kutua hupewa kipaumbele, ila isitumie haki hiyo kumkatiza aliye mbele yake.

Macho nayo yana mipaka yake. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani unakadiria kuwa rubani huhitaji sekunde 12.5 tangu kuona kitu angani, kutambua kuwa ni ndege, kung'amua kwamba watagongana, kuamua la kufanya, hadi ndege yake igeuke. Kwa ndege mbili zinazotofautiana kasi kwa kilomita 200 kwa saa, muda huo ni sawa na takriban mita 700. Kibaya zaidi, ndege iliyo kwenye mkondo wa kukugonga haionekani ikisogea dirishani. Hubaki palepale kama doa kwenye kioo, ikikua polepole, kisha ghafla huwa kubwa. Kwa kuwa jicho la binadamu huvutwa na kitu kinachotembea, marubani hufundishwa kutazama anga kipande kwa kipande, wakitulia walau sekunde moja kila kipande, badala ya kupitisha macho kwa haraka.

Umbo la ndege pia huficha mengi. Yenye mabawa juu ya kichwa cha rubani humzuia kuona kilicho juu yake. Yenye mabawa chini humzuia kuona kilicho chini. Ya pili ikiwa juu ya ya kwanza katika mstari wa mwisho, zote zikishuka, hakuna anayemwona mwenzake.

Kuwepo kwa mnara hupunguza hatari hiyo lakini hakuiondoi. Tarehe 5 Machi, 2024 jijini Nairobi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imeondoka Uwanja wa Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44 iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirejea na kutua salama. Waliokuwemo katika ndege ya mafunzo, mkufunzi na mwanafunzi wake, walifariki dunia, na mabaki ya ndege yao yalianguka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Wilson ina waongoza ndege.

Vipo vifaa vinavyomwonya rubani kuhusu ndege iliyo karibu na hata kumwelekeza apande au ashuke. Hata hivyo, vifaa hivyo huisikia ndege nyingine pale tu inapotoa mawimbi ya kujitambulisha, na maelekezo ya kupanda au kushuka huzimwa ndege inapokuwa karibu sana na ardhi. Mahali hapo ndipo mzunguko wa kutua ulipo.

Abiria ana sehemu yake. Katika ndege ndogo, ambamo wakati mwingine abiria huketi kando ya rubani, inashauriwa kuacha mazungumzo wakati wa kuruka na kutua. Lakini ukiona ndege nyingine, mwambie rubani mara moja hata kama unadhani ameshaiona. Hatavunjiwa heshima.

Kwa wakazi wa jirani na viwanja, ndege nyuki ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ni ndogo mno kuonekana na rubani anayeshuka. Nchini Tanzania, anayetaka kuirusha anapaswa kwanza kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.