Wanyama wa Kitambaa kwa Watoto: Hukumu, Kigezo na Riziki

Cherehani ya kutarizi si ngeni katika mkoa wetu wa Kagera. Kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, ndiyo inayopamba kanzu za Idd, nembo za sare za shule na vitambaa vya makochi. Sasa mafundi wetu, wengi wao akina mama, wameijia kamati ya msikiti na swali jipya. Wateja wanataka wanyama wa kitambaa waliojazwa pamba kwa ajili ya watoto. Je, kazi hiyo ni halali? Baadhi yao wamekwisha kuzikataa oda kwa hofu ya dhambi, na kwa mama anayetegemea sindano, oda iliyokataliwa ni daftari na sare ya mtoto.

Swali hili lina pande mbili. Upande mmoja ni wa sheria, na wa pili ni wa ufundi. Tumeona ni vyema kuzieleza zote pamoja, kwa sababu mwenye kuujua ufundi vizuri atauona wepesi ambao sheria imemwachia.

Hukumu

Makemeo ya Mtume (SAW) juu ya watengenezaji wa sanamu na picha za viumbe wenye roho ni makali, wala hayafai kudharauliwa. Lakini katika mlango huohuo wa hadithi zimo habari za watoto. Bi Aisha (RA) alikuwa na wanasesere wake. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (SAW), aliporejea kutoka katika mojawapo ya safari zake za vita, upepo ulilifunua pazia la Bi Aisha, akaona miongoni mwa wanasesere hao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya kitambaa. Akauliza habari ya farasi mwenye mbawa, naye Bi Aisha akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Sulaiman (AS). Mtume (SAW) akacheka hadi yakaonekana magego yake.

Tena, Bi Rubayyi bint Muawwidh (RA) ameeleza jinsi walivyowafunza watoto wao kufunga siku ya Ashura: waliwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi, na mtoto alipolilia chakula walimpa kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kwa dalili hizi wanachuoni walio wengi, kama alivyonukuu Qadhi Iyadh, wameviruhusu vitu vya kuchezea watoto. Wapo walioiona ruhusa hiyo kuwa imefutwa, na wapo katika zama zetu wanaoruhusu kwa sharti kwamba sura isikamilishwe kwa macho, pua na mdomo. Jambo ambalo haifai kulifanyia wepesi ni kumtoa mnyama huyo mikononi mwa mtoto na kumtundika ukutani kama pambo la kutukuzwa. Bi Aisha (RA) alipotundika pazia lenye picha, Mtume (SAW) alichukizwa, na kitambaa hicho kikageuzwa kuwa mito.

Kigezo

Mnyama wa kitambaa huanzia katika kigezo, nacho kikiwa kibovu, hata fundi hodari hatamwokoa mnyama. Bi Margarete Steiff wa Ujerumani, aliyepooza kwa polio tangu utotoni, alishona tembo mdogo mwaka 1880 kwa kigezo alichokiona katika gazeti la mitindo. Tembo yule alikusudiwa kuchomekwa pini, lakini watoto wakamfanya wa kuchezea, na kutoka kwake kikazaliwa kiwanda kinachojulikana duniani hadi leo.

Kwa mashine ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta, kigezo ni faili linaloipa sindano amri hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza huchora mstari kwenye kitambaa cha kukazia kilichobanwa ndani ya fremu, kuonyesha mahali pa kuweka kitambaa cha mbele. Ya pili hukishikiza kitambaa hicho. Ya tatu hutarizi sura na mapambo. Kisha fundi huweka kitambaa cha nyuma, uso wake ukitazama chini, na hatua ya nne huzunguka umbo lote ikiacha uwazi wa kama sentimita 5. Kitambaa hukatwa milimita 6 nje ya mshono, penye kona hutiwa mikato midogo, mnyama akageuzwa, akajazwa, na uwazi ukafungwa kwa mkono.

Mbunifu hana budi kukumbuka kwamba umbo bapa likijazwa hupungua upana. Mguu uliochorwa kwa sentimita 5 hubaki kama sentimita 3 ukishavimba. Uwazi wa kujazia uwekwe penye mstari ulionyooka, si kwenye kona wala sikioni. Mshono wa kuzunguka upite mara mbili, maana mtoto huvuta. Tarizi ya nyuzi zilizolala sambamba isizidi upana wa milimita 7, kwani nyuzi ndefu hunasa vidoleni na kukatika.

Programu ya kuchorea haihitaji fedha nyingi. Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape, hupatikana bure, nayo hutoa mafaili ya DST, PES na JEF yanayosomwa na mashine za aina mbalimbali. Kwa kuwa umeme hukatika, mbunifu aandike karatasini mpangilio wa hatua na idadi ya mishono, ili fundi ajue pa kuendelea unaporudi. Aliye kijijini Muleba na cherehani ya kukanyaga naye hakuachwa. Kigezo hichohicho kikichapwa na kukatwa katika karatasi ngumu kitamtosha, na sura ataitarizi kwa mkono.

Macho yawe hatua ya peke yake

Hapa ndipo sheria na ufundi vinapokutana. Mashine husimama kila inapotakiwa kubadilisha rangi ya uzi. Basi mbunifu ayape macho, pua na mdomo rangi yao na hatua yao, mbali na mapambo mengine. Mteja anayefuata kauli ya wengi atatariziwa sura. Mteja ambaye nafsi yake haitulii ataambiwa hatua hiyo itarukwa, naye ataondoka na mnyama asiye na sura, aliye kamili kwa kazi ya mtoto. Kigezo kimoja kinawatosha wote wawili, na fundi hana haja ya kubishana na yeyote dukani.

Macho ya kutarizi yana faida nyingine. Vifungo na shanga hung'oka, na mtoto wa chini ya miaka 3 huvitia mdomoni vikamkaba. Uzi uliofungwa vizuri hauna hatari hiyo.

Wanyama wa kwetu

Tunawashauri wabunifu wetu wasinakili dubu wa nchi za baridi na katuni za watu. Kazi ya mtu ni haki yake, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda, na kuichukua bila idhini ni kuvunja amana. Kagera ina viumbe wake. Yupo ng'ombe wa Ankole. Pembe zake ndefu zishonwe na kujazwa kwanza, kisha zilazwe zikielekea ndani kabla ya kuwekwa kitambaa cha nyuma. Yupo sato wa Ziwa Victoria, mwepesi kwa anayeanza. Na yupo senene, ambaye kila mtoto wa Bukoba humngoja mwezi wa Novemba. Miguu yake ni myembamba mno kugeuzwa, hivyo itariziwe ubavuni.

Mtaji

Mashine moja ya kompyuta ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kazi hii inagawanyika: kijana huchora, fundi mmoja huendesha mashine, akina mama hujaza na kufunga wakiwa nyumbani. Kikundi cha namna hiyo kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hautozwi riba, na kwa Muislamu hilo ni jambo zito.

Tunawaomba ndugu zetu wa kamati nyingine za misikiti, Bukoba na Muleba, wasiwaache mafundi hawa na hofu ambayo jibu lake lipo. Waitwe, wasomewe dalili pamoja na hitilafu za wanachuoni, kisha kila mmoja achague akiwa na elimu. Idd ijayo watoto wetu wapate zawadi iliyoshonwa na mama zao.

Na Allah (SW) ndiye Mjuzi zaidi.