Jaji Harlan: Sheria na Tabaka

Je, sheria husimama juu ya jamii, au huzaliwa na jamii hiyo hiyo? Tukichambua maisha ya John Marshall Harlan wa Marekani, tunapata jibu.

Harlan alizaliwa Kentucky mwaka 1833 katika familia iliyomiliki watumwa. Akawa wakili, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alipigana upande wa Muungano. Mwaka 1863 alichaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Kentucky. Hata hivyo alipinga rekebisho la 13 la katiba, lililofuta utumwa. Baadaye alibadili msimamo, akajiunga na chama cha Republican, akagombea ugavana mwaka 1871 na 1875, akashindwa. Mwaka 1877 Rais Hayes alimteua kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi.

Mwaka 1896 majaji saba walihalalisha sheria ya Louisiana iliyowatenga Weusi na Wazungu katika mabehewa ya treni. Harlan peke yake alipinga, akishikilia kuwa katiba haijui rangi.

Lakini tusimtukuze. Katika hukumu hiyo hiyo aliwabagua Wachina. Tena mwaka 1895 aliafikiana na majaji wenzake wote kuidhinisha kifungo cha Eugene Debs, kiongozi wa wafanyakazi wa reli waliogoma. Aliuona unyonge wa rangi. Wa mfanyakazi hakuuona.

Mwaka 1954 mahakama hiyo ilipiga marufuku ubaguzi katika shule za umma. Ushindi huo uliletwa na Weusi wenyewe, waliojipanga na kushtaki kwa miaka mingi. Jaji mwema husaidia. Ukombozi ni kazi ya wanyonge wenyewe.