Kuvu Inayolisha Muhogo

Katika Kiswahili cha kila siku, kuvu ni jina la uharibifu. Mkate ukiota kuvu hutupwa. Unga ukishikwa na kuvu humwagwa. Uyoga peke yake ndio uliopata heshima, kwa kuwa huingia chunguni. Lakini chini ya shamba la muhogo huko Aveba, katika usultani wa Walendu-Bindi kusini mwa Bunia, kuna kuvu isiyoozesha kitu, na bila hiyo mavuno yangekuwa haba. Makala haya yanaeleza kazi yake, kisha yanauliza tuiite nini.

Ushirikiano wa kuvu na mizizi huitwa mikoriza. Neno hilo liliundwa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: la kuvu na la mzizi. Mimea mingi ya nchi kavu huishi katika ushirikiano wa namna hii.

Msingi wake ni kubadilishana. Mmea hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, kuvu haiwezi. Kuvu nayo ina nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, na kwa nyuzi hizo huchota fosforasi. Madini haya hung'ang'ania udongo mwekundu wa nchi za joto, hayasafiri kwa urahisi pamoja na maji. Mzizi ukishamaliza yaliyo karibu, umbali wa milimita chache tu, hubaki na njaa ilhali chakula kiko mbele yake. Nyuzi za kuvu huvuka pengo hilo. Mkono mtupu haulambwi: mmea hulipa kwa sukari, pengine hata asilimia 20 ya ile inayoitengeneza.

Muhogo unategemea sana biashara hii, maana mizizi yake inayofyonza ni minene na ina vinyweleo vichache. Watafiti wa kituo cha CIAT, karibu na Cali nchini Kolombia, waliupanda katika udongo ulioondolewa viumbe hai. Ulidumaa, ulipowekewa kuvu, ulistawi. Kwa hiyo sifa ya muhogo ya kuvumilia udongo maskini si yake peke yake. Tena kuvu za kundi hili hazichagui sana mwenzi. Ndiyo maana zao lililoletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini lilipata wabia katika udongo wa Kongo.

Thamani ya ubia huonekana zaidi siku za shida. Wakati wa ukame, nyuzi hupenya vitundu vya udongo ambamo mzizi hauingii. Hushikanisha pia chembe za udongo, mvua isizichukue zote. Mmea ukirundikiwa mbolea ya fosforasi, kinyume chake, hupunguza malipo kwa mwenzake.

Hapo ndipo jambo hili linapowagusa watu wa Ituri, ambao vita vimewafukuza mashambani mara nyingi. Shamba lililoachwa likafunikwa na nyasi halijafa: nyasi nyingi huifuga kuvu hiyo mpaka mwenye shamba arudi. Moto mkali, kulima tena na tena, na kuuacha udongo wazi muda mrefu huidhoofisha. Kabichi na lengalenga kwa kawaida haziilishi. Maharage na mahindi huilisha.

Sasa tumwambieje mkulima? "Mikoriza" halimpi picha yoyote. "Kuvu ya mizizi" ni hatari zaidi: anayejua muhogo uliooza mizizi ataelewa ni ugonjwa, na atauliza dawa ya kuiua. Mimi napendekeza "kuvu mbia". Neno la kwanza linataja kiumbe, la pili linataja mkataba, na mbia hafukuzwi shambani kabla ya kuulizwa ameleta nini.